Picha za Msuli wa Mdogo Wangu

Chumba nilichopanga Tunduma kilikuwa na dirisha moja, na dirisha hilo lilitazama magurudumu. Malori yaliyosubiri kuvuka kwenda Zambia yalijipanga mpaka ukutani kwangu. Moja likisogea, jingine lilichukua nafasi yake, kwa hiyo mwanga uliotufikia ulikuwa ule unaopenya katikati ya matairi. Nilikichagua chumba hicho kwa ajili ya mtandao. Pale mpakani simu ilinasa minara ya pande zote mbili, na kazi yangu ilikuwa haifanyiki bila mtandao wenye nguvu.

Nilikuwa nimeajiriwa na maabara moja ya Ulaya, ile niliyosomea shahada yangu ya mwisho. Maabara hiyo inachunguza magonjwa ya ubongo na neva kwa kuangalia mitokondria, vile viungo vidogo ndani ya seli vinavyogeuza chakula tunachokula kuwa nguvu. Kipande cha msuli wa mgonjwa, kidogo kama punje ya mchele, hugandishwa ndani ya plastiki ngumu. Mashine yenye kisu cha almasi hukiparua tabaka jembamba sana, na hadubini ya elektroni hupiga picha ya uso uliobaki, kisha kisu hupita tena. Kipande kikiisha, unabaki na maelfu ya picha za kijivu. Kazi yangu ilikuwa kuifundisha kompyuta kuzitambua mitokondria katika picha hizo, kuisahihisha ilipokosea, na kuzipanga picha moja juu ya nyingine mpaka mitokondria nzima isimame kwenye kioo, uweze kuizungusha na kuiona mbele na nyuma. Kompyuta kubwa zilikuwa huko huko Ulaya. Mimi nilikuwa na laptopu, bando, na betri ya gari kwa siku za kukatika umeme.

Wagonjwa niliwajua kwa namba zao tu. Kwa miaka yote niliyofanya kazi hiyo sikuwahi kufikiri kwamba mmoja wao angekuwa mtu ninayemfulia shati.

Nilirudi nyumbani Itaka kwa likizo wakati wa kuchuma kahawa, nikiwa na tiketi ya kurudi Ulaya na ahadi ya ndoa na mwalimu mmoja wa Vwawa. Nilimkuta mdogo wangu nyumbani, amekaa kwenye kigoda jikoni siku ya kazi, na hilo peke yake lilinishtua. Alikuwa fundi simu Tunduma. Alikuwa na meza yake ya kioo karibu na soko, na wateja wake wengi walitoka ng'ambo. Walimsalimia "Mulishani," akawajibu "Bwino," na Kibemba chake kikaishia hapo. Mengine waliyamaliza kwa vidole na kicheko.

"Mkono ulianza kunichezea, dada," aliniambia. "Nashika kile chuma cha moto niunganishe waya, mkono unaruka wenyewe. Mwanzo nilidhani ni uchovu."

Alinionyesha makovu ya moto kwenye mkono wa kushoto. Halafu, alisema, siku moja alianguka mbele ya wateja, akavunja kioo cha meza kwa kichwa, na alipozinduka watu walikuwa wamesimama mbali naye, wameacha nafasi kubwa pande zote. Kwetu mtu akianguka kifafa hakuna anayemgusa. Wanaogopa mate yake.

Familia haikukaa bure. Wazee wa kanisa walikuja kumwombea. Alipoanguka tena, baba mkubwa, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo tangu baba yetu afariki, alimpeleka kwa mganga. Mganga aliuliza ugonjwa ulianzia wapi. Wakamwambia mkononi. Akasema basi mtafuteni aliyetia kitu mkononi mwake.

Kila mtu alijua nani aliyetia kitu mkononi mwa mdogo wangu. Alikuwa shangazi, dada wa baba yetu, mjane anayeishi kwenye uwanja huo huo wa kwetu, mlango wake ukitazamana na wa mama. Mdogo wangu alipomaliza kujifunza ufundi, shangazi ndiye aliyemnunulia vifaa vyake vyote, akamkabidhi mbele ya watu, na tukapiga vigelegele. Sasa vifaa vile vilizikwa bondeni, na mdogo wangu mwenyewe alisimama pale akitazama vikifukiwa.

"Wewe uliamini?" nilimuuliza.

"Sijui," alisema. "Nilikuwa nataka tu kitu kiwe kimefanyika."

Hakuna aliyempiga shangazi wala kumfukuza. Watu waliacha tu kula kwake. Wanawake waliokuwa wakichuma naye walihamia mstari mwingine wa miti. Kanisani benchi alilokaa lilibaki na nafasi hata siku watu walipokuwa wengi. Nilipomwendea kumsalimia, alinijibu "Marahaba" bila kuinuka, akaendelea kuchambua maharage. Hakunikaribisha chakula. Nadhani hakutaka kuniona nikitafuta sababu ya kukataa.

Likizo iliisha na tiketi yangu ikaisha pia. Mama alikuwa hasikii vizuri tangu nikiwa sekondari na alichoka haraka, hakuweza kumwinua kijana mzima akianguka. Itaka mtandao haukutosha kwa kazi yangu. Nilimpigia profesa wangu, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, nikamwomba nifanye kazi nikiwa huku. Alikubali kwa muda. Hivyo ndivyo nilivyohamia Tunduma na mdogo wangu, kitanda chake upande mmoja wa pazia na changu upande mwingine.

Nilidhani namtunza. Asubuhi nilimpa dawa za kifafa alizoandikiwa hospitali, tukanywa chai, nikafungua laptopu. Yeye alikaa kitandani akisikiliza malori. Hakuweza kutoka peke yake, kwa sababu ukifungua mlango unakutana na barabara, na mtu anayeanguka ghafla hana la kufanya kati ya malori. Nilipokwenda sokoni nilifunga mlango kwa nje. Siku moja nilirudi na mboga nikamkuta amesimama nyuma ya mlango, amesimama tu.

"Dada, umenifunga," alisema.

"Nimekufungia kwa usalama wako."

"Najua. Lakini umenifunga."

Nilitaka kumwambia kwamba na mimi nimefungwa, kwamba kuna mji mwingine ambako nilikuwa na baiskeli na marafiki na meza karibu na dirisha linaloangalia miti. Toka siku hiyo tulikwenda sokoni pamoja, nimemshika mkono, na watu walitudhania mke na mume.

Alikuwa haponi. Dawa hazikumsaidia, na kwa macho yangu zilikuwa zikimzidisha. Alianza kuchoka kwa kupanda ngazi mbili tu za choo. Alianza kuniambia, "Sema tena," nilipomsemesha upande wa kulia.

Siku ambayo mambo yalijiunga kichwani mwangu nilikuwa nasahihisha picha za mmoja wa wale wagonjwa wa namba. Kompyuta ilikuwa imeshindwa kutambua mitokondria zake. Zilikuwa kubwa kupita kiasi, zimevimba na kubanana pembeni mwa seli, na ndani yake mlikuwa na mistari migumu iliyonyooka kama matofali, mahali ambapo panatakiwa pawe na mikunjo laini. Nilikuwa nazichora mipaka kwa mkono. Ili kujikumbusha, nilifungua maelezo ya ugonjwa wa mtu huyo. Mikono na miguu inayoruka yenyewe. Kuanguka. Uchovu wa misuli. Kupungua kusikia. Kwa wengine, uvimbe wa mafuta shingoni.

Mama ana uvimbe shingoni, nyuma, laini kama mto mdogo. Tulipokuwa watoto tulidhani umetokana na kubeba mizigo. Na mama alikuwa na mdogo wake wa kiume kwao Ibaba, upande wa Ileje, ambaye alikuwa akianguka, na siku moja aliangukia motoni asipate wa kumtoa. Mama alikuwa akituambia habari hiyo ili tusicheze na moto.

Nilifunga laptopu. Mdogo wangu aliuliza kwa nini nimeacha kazi mapema, nikamwambia macho yanauma.

Mambo yaliyofuata yalikwenda polepole na kwa utaratibu. Profesa alizungumza na daktari wa hospitali kubwa ya rufaa, daktari akamweleza mdogo wangu kila kitu kwa Kiswahili chepesi, na mdogo wangu akakubali kwa hiari yake. Walimtoa kipande cha msuli pajani na damu. Vibali vilipatikana, sampuli ikasafirishwa. Profesa aliniambia waziwazi kwamba picha hizo sitazigusa.

"Mwenzako atazishughulikia bila kujua ni za nani," alisema. "Wewe ni ndugu. Ndugu hapimi."

Nilielewa. Lakini ilikuwa adhabu kuendelea kuchora mitokondria za watu wengine huku nikijua kwamba mahali fulani, kwenye mashine niliyoizoea hata sauti yake, kisu kinapita juu ya msuli wa mtu anayekoroma nyuma ya pazia langu.

Tukiwa bado tunasubiri, baba mkubwa alipiga simu. Alisema kikao cha ukoo kitafanyika kahawa ikiisha kuchumwa, siku ya Jumamosi, na shangazi atakunywa dawa ya mganga mbele ya watu wote. Kama hana kitu, haitamdhuru. Kama anacho, atasema.

"Baba mkubwa, dawa gani hiyo?" nilimuuliza.

"Ni dawa tu. Wewe njoo na mdogo wako."

"Shangazi amekubali?"

"Atakataaje? Akikataa si amejibu?"

Nilikaa na simu mkononi. Shangazi alikuwa na presha na miguu iliyovimba. Sikujua dawa hiyo ingemfanya nini, na nilihisi hata mganga hajui.

Majibu yalifika wiki ya kikao. Profesa alinipigia kwa video, na kabla hajasema kitu niliona kwamba amevaa miwani yake, ambayo huivaa tu anapotaka kusema maneno kwa uangalifu.

"Umekaa?" aliuliza.

"Nimekaa."

Alinionyesha picha. Nilizijua kabla hajaeleza. Mitokondria zilikuwa zimevimba vile vile, zimebanana pembeni vile vile, na yale matofali yalikuwemo. Mwenzangu alikuwa amezijenga vizuri, rangi ya kijani kwa nzima na nyekundu kwa mbovu, na nyekundu ilikuwa nyingi. Vipimo vya damu vilikuwa vimethibitisha kasoro kwenye vinasaba vya mitokondria yenyewe. Profesa akaniambia nililokuwa nalijua, kwa sababu ni kanuni ya kwanza tunayofundishwa: mitokondria za mtoto hutoka kwa mama yake. Kwa baba haziji. Basi, nilijiambia, dada wa baba hawezi kuwa na sehemu yoyote.

"Dawa ya kifafa anayotumia ibadilishwe mara moja," alisema. "Kwa watu wengine inafaa. Kwake inaumiza mitokondria zilizobaki. Nimeshaongea na daktari." Kisha akavua miwani. "Na wewe? Unataka kupimwa?"

"Si leo," nilisema.

Mdogo wangu alikuwa amekaa kitandani muda wote, pazia limefunguliwa. Hakuelewa Kiingereza chetu lakini aliuelewa uso wangu. Nilimwekea laptopu mapajani.

"Hii ni yangu?" aliuliza.

"Ni ya msuli wako."

Aliizungusha kwa kidole. Mkono uliruka, picha ikakimbia, akairudisha. Aliikagua kwa muda mrefu, kama alivyokuwa akikagua simu ya mteja.

"Kama bodi iliyoingia maji," alisema. "Ukiiona hivi unamwambia mwenye simu ukweli."

Nikamweleza yote. Nilimweleza kwamba hakuna aliyemtupia kitu, kwamba ni kasoro ya kuzaliwa nayo, kwamba haina tiba ya kuiondoa lakini kuna dawa bora kuliko ile anayokunywa. Alisikiliza upande wa kushoto, sikio lililokuwa zima zaidi.

"Kwa hiyo shangazi hana kosa," alisema.

"Hana."

"Imetoka wapi basi?"

Nilimwambia. Alirudisha laptopu kwangu taratibu, kama kitu kinachovunjika.

"Usimwambie mama," alisema.

"Jumamosi shangazi atakunywa dawa."

"Shangazi ni mgumu. Atakunywa, atatapika, yataisha. Mama ukimwambia kwamba ni yeye aliyenipa, ataacha kula. Unamjua." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Dada, mimi ndiye ninayeumwa. Nakuomba kitu kimoja tu."

Sijawahi kubanwa kama nilivyobanwa siku ile. Kama nikinyamaza, nitakaa uwanjani na elimu yangu nikimtazama mzee akinyweshwa nisichokijua kwa jambo ambalo halikuwahi kupita mwilini mwake. Kama nikisema, nitamchukua mama yetu, aliyelala sakafuni kando ya mtoto wake miezi mingi, nimwambie ugonjwa ulitoka tumboni mwake. Hapakuwa na njia ya tatu. Niliitafuta kwa siku mbili, nikitazama magurudumu, na haikuwepo.

Ijumaa asubuhi nilimwambia mdogo wangu kwamba naenda kumwambia mama. Alivaa viatu, akasema, "Basi twende wote," na njia nzima mpaka Itaka hakunisemesha.

Kulikuwa na tatizo jingine ambalo sikulifikiria mpaka tulipofika: mama hasikii. Ukitaka kumwambia jambo, lazima upaze sauti, na kwenye uwanja wetu ukipaza sauti wanasikia mpaka wanaopita barabarani. Mlango wa shangazi ulikuwa wazi. Mke wa baba mkubwa alikuwa akianua kahawa. Nilimshika mama mkono nikamwambia sikioni, "Twende shambani."

Tuliteremka mpaka chini kabisa, miti ya mwisho kabla ya kijito. Mama alipumzika mara kwa mara, mkono kiunoni. Alipokaa kwenye jiwe, nilipiga magoti mbele yake ili anione midomo, nikaanza kupaza sauti. Maneno ambayo ningependa kumwambia kwa kunong'ona niliyasema kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. "Ugonjwa si wa kutupiwa, mama." "Uko ndani ya damu." "Unapita kwa mama kwenda kwa mtoto." Nilifungua laptopu nikamwonyesha. Aliangalia zile rangi bila kuzigusa.

Halafu akasema, kwa ile sauti ya juu ya mtu asiyejisikia anavyosema, "Mdogo wangu wa Ibaba naye?"

"Nadhani naye, mama."

"Alikuwa akiniambia mkono unamcheza. Tukimcheka." Alivuta kanga yake. "Na mama yangu?"

"Aliwapa ninyi. Hakujua, kama wewe hukujua."

Alitikisa kichwa polepole, kama anayehesabu watu kwenye chumba. Nilisubiri avunjike. Hakuvunjika. Kisha akaninyanyulia macho.

"Na wewe je?"

"Ninayo kasoro hiyo pia, mama. Sijui ni kiasi gani. Inaweza kuwa kidogo."

Hapo ndipo alipolia. Alilia bila kujificha, na alilia kwa sauti kubwa kwa sababu hakujua ni kubwa. Nilibaki nimepiga magoti kwenye majani ya kahawa, nimeshika laptopu iliyowaka. Alipomaliza alijifuta, akauliza, "Kikao ni kesho?"

"Ni kesho."

"Haya," alisema. "Niinue."

Jumamosi walikuja watu wengi kuliko nilivyotegemea. Wanaume walikaa kwenye viti, wanawake kwenye mikeka, na mganga kwenye kiti cha pembeni akiwa na chupa ya plastiki iliyokuwa ya soda. Shangazi alikaa peke yake kwenye kigoda katikati, amevaa gauni lake la kanisani. Nilikuwa nimejipanga kuzungumza. Baba mkubwa alipomaliza kufungua kikao na kabla sijainua mkono, mama alisimama.

"Mimi nilitoka Ibaba na ugonjwa huu," alisema. "Nilikuja nao mwilini. Sikuujua. Mdogo wangu aliufia. Mwanangu ameupata kwangu. Wifi yangu hakumpa kitu. Wifi yangu alimpa vifaa."

"Shemeji, kaa," baba mkubwa alisema kwa upole. Mama hakumsikia, akabaki amesimama. Baba mkubwa akanigeukia mimi. "Haya ni ya kompyuta yako? Hiyo kompyuta inaona uchawi?"

"Haioni, baba mkubwa. Inaona msuli."

"Na kama ugonjwa umetoka kwa mama, mbona wewe huanguki?"

Lilikuwa swali zuri, na niliwajibu kama nilivyoweza. Niliwaambia wafikirie gunia la mahindi yaliyochanganyika, mazima na yaliyotobolewa. Mama huwachotea watoto wake wote kutoka gunia hilo hilo, bila kuona anachochota. Mmoja anapata mazima mengi, mwingine anapata mabovu mengi. Mdogo wangu alichotewa mabovu. Nilipitisha laptopu. Wazee waliiangalia wakaipitisha, wengine bila kuiangalia. Mganga alisema picha za wazungu anaziheshimu, lakini hazijibu swali la nani. Mzee mmoja akasema kwamba anamkumbuka yule kijana wa Ibaba, alihudhuria maziko yake. Watu wakaanza kuongea wote kwa pamoja.

Hakuna aliyesema shangazi hana hatia. Hakuna aliyemwomba radhi. Baba mkubwa alisema jambo hili litaangaliwa tena, watu wakainuka, na mganga akaondoka na chupa yake ikiwa imejaa. Nilikuwa nimetarajia kusikia kitu kikifunguka kifuani. Hakikufunguka. Shangazi alinyanyua kigoda chake mwenyewe akaingia ndani.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kanisa, mama alivuka uwanja akaenda kukaa kwenye kizingiti cha shangazi. Watu walikuwa nje wananawa uso na kupiga pasi. Shangazi alitoka akamtazama.

"Umekuja kula au umekuja kuonekana?" alimuuliza.

"Nini?" mama alisema.

Shangazi ikabidi apaze sauti. "Nimesema, umekuja kula au umekuja kuonekana?"

"Yote mawili," mama alisema.

Shangazi aliingia ndani. Nilidhani hatatoka. Alitoka na viazi vya jana na chai kwenye kikombe cha bati, akaviweka mbele ya mama, akarudi ndani. Mama alikula pale pale, uwanja mzima ukitazama. Mdogo wangu alivuka naye, akakaa kando yake, akachukua kiazi. Mkono ulimruka, kiazi kikaanguka, akakiokota akakila hivyo hivyo.

Dawa ya kifafa ilibadilishwa. Anaanguka kwa nadra sasa, na ule uchovu wa ngazi umepungua. Mkono bado unaruka, na ufundi wa simu hataurudia. Anauza makava na chaja kwenye meza iliyo karibu na mlango wetu, kwenye kona ya ukuta ambako malori hayafiki. Shangazi na mama wanasalimiana. Hawajawa marafiki. Shangazi haendi tena kwenye vikao vya ukoo, akiitwa anasema miguu inauma. Nilipompelekea sukari alinikaribisha chakula, nikala, na hakuzungumza lolote kuhusu yaliyopita.

Uchafu aliovuliwa shangazi haukupotea, ulihamia kwetu. Habari zilifika kila mahali kwamba watoto wa mama yangu, hasa wa kike, wana damu mbaya. Zilimfikia hata yule mwalimu wa Vwawa niliyekuwa nimepanga kuoana naye. Alikuja Tunduma, akakaa kwenye kiti chetu kimoja, akaniuliza kuhusu watoto. Nilimjibu kwamba kila mtoto nitakayemzaa atachotewa kutoka kwangu. Alisema ananipenda na anahitaji muda. Sijui muda huo ni kiasi gani. Hajavunja ahadi, hajataja siku, na ananipigia simu kila Jumapili kuniuliza habari za mvua.

Profesa ameniambia nafasi yangu kule bado ipo mpaka mradi utakapoisha, baada ya hapo hawezi kuahidi. Mdogo wangu ananiambia niende, kwamba atajitegemea, na anaposema hivyo anageuza uso ili nisione kama anamaanisha. Bado nipo. Kuna asubuhi ninapoamka nikisikia injini zinawashwa zote kwa pamoja kwa sababu lango la mpaka limefunguliwa, na kwa dakika kadhaa nawachukia madereva kwa sababu wao wanavuka.

Mwezi uliopita nilitoa damu yangu. Majibu yapo tayari, profesa anayo. Alitaka kuniambia siku ile ile yalipotoka, lakini mdogo wangu alikuwa ndani, mvua ilikuwa inanyesha na hakuweka meza nje. Nimemwomba profesa aniambie siku nitakayokuwa peke yangu chumbani. Siku hiyo haijafika, na sijaitafuta.